Kijiti cha Oili

Kitabu kinasema injini hii inakunywa lita nne. Mimi nimeshamimina sita, na kijiti cha kupimia oili bado kinaniambia haitoshi! Chini ya gari hakuna hata tone. Sasa inakwenda wapi? Na huo moshi wa buluu, mpaka majirani wanafunga madirisha.

Fundi wa kwanza alisema ringi za pistoni zimekwisha. Wa pili akaapa ni sili za valvu. Kichwa kinaniuma. Injini yenyewe ni ya mtumba, lakini shemeji yangu aliichagua na kuifunga mwenyewe mwezi uliopita, ile ya zamani ilipokufa.

Leo nimemwita. Kachomoa kijiti, kakitazama, kanitazama.

"Shemeji, hiki kifupi, hakifiki kwenye oili. Umejaza mpaka inaungua, ndiyo huo moshi. Kijiti nilichokuachia kiko wapi?"

Nikakumbuka. Kile kilikuwa na kutu. Alipoondoka tu nilikitupa, nikachomeka cha injini ya zamani, nilichokisugua kwa mkono wangu mpaka kikang'aa.

"Mafundi hawa," nikamjibu, "hawaaminiki kabisa."