Limejaa au Limefurika?

Mganga hajigangi, na Mama Usafi wa halmashauri aliishi nyuma ya jaa. Si karibu na jaa, nyuma yake kabisa. Kichochoro chao kilikuwa na mdomo mmoja tu. Ndani kulizibwa na ukuta wa kiwanda cha sabuni, na pale mdomoni, kinapokutana na barabara, halmashauri ilikuwa imetua kontena la taka. Kontena lenyewe lilikuwa maridadi, limeandikwa "Tenganisha Taka Zako", lina mlango wa kijani wa maganda na makombo na mlango wa bluu wa chupa na karatasi. Milango miwili, tumbo moja. Unatenganisha nje, zinakwenda kusalimiana ndani.

Kazi ya Mama Usafi ilikuwa kupokea simu za malalamiko ya taka, na kila aliyepiga aliulizwa kwanza swali moja: "Limejaa au limefurika?" Kontena likijaa, hiyo ni kazi ya Kitengo cha Uzoaji. Lori linakuja, linalibeba, linaacha jingine tupu. Likifurika, taka zikamwagika chini, Uzoaji wananawa mikono na kazi inakwenda Kitengo cha Dharura, wenye katapila. Katapila hiyo ilikuwa uani mwa halmashauri juu ya mawe, haina magurudumu, na kuku wa mlinzi walitaga ndani yake. Mtaa uliosema "limefurika" ulikuwa umejichimbia kaburi.

Swali hilo alikuwa amelitunga yeye. Vitengo viwili vilikuwa vikitupiana mpira, naye akaona neno moja tu litamaliza ubishi, kila jibu na kitufe chake kwenye kompyuta. Mkuu wake alimpigia makofi, na akalipenda swali kuliko lori.

Basi hapo nyumbani taka zilikuwa zimemeza upenyo wa kupita kati ya kontena na ukuta wa nyumba ya kwanza. Mwenye miguu yake alipanda juu ya lundo, akashika pua, akavuka. Baba yake Mama Usafi hakuwa na miguu ya kupandia. Alikuwa wa kiti cha magurudumu, na zamani kila alasiri alijisukuma hadi kwa kinyozi ng'ambo ya barabara kucheza drafti, kutukana kidogo na kuona watu wakipita. Sasa alishinda uani akitazama ukuta wa kiwanda.

"Wamenifunga bila hukumu," alisema kila jioni binti yake alipoingia. "Hata mwizi husomewa shitaka."

Mzee aliyajua mashitaka. Alikuwa mkalimani wa mahakama mpaka alipostaafu. Shahidi akisema amesukumwa, yeye hakusema amepigwa, hata hakimu amkazie macho. Chakula chake kilitoka kwenye neno, na neno alilichunga.

Mama Usafi hakuruhusiwa kujiandikia mwenyewe lalamiko la mtaa wake, maana halmashauri iliogopa upendeleo. Akamfundisha baba yake.

"Baba, kesho upige wewe. Utaulizwa, utajibu limejaa. Basi."

"Lakini halijajaa. Limefurika."

"Baba, nakuomba."

"Nimesikia," alisema mzee. Alisema amesikia, hakusema amekubali, na binti mtu hakulishika hilo.

Simu iliita asubuhi. Bahati mbaya haiji peke yake: mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na wageni, anawaonyesha jinsi malalamiko yanavyopokewa kitaalamu.

"Haloo, halmashauri, usafi. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Ni mimi."

Akajifanya hamjui. "Kontena lenu, mzee wangu, limejaa au limefurika?"

"Taka zimefika dirishani kwangu."

"Naelewa. Kwa hiyo li-me-jaa."

"Binti, nikiwa na maji mpaka magotini, utaniuliza kama ndoo imejaa?"

"Mzee, nijibu tu kwa neno moja. Lile tulilo..." Mkuu akakohoa.

"Limefurika," alisema mkalimani, "na Mungu ananisikia."

"Bonyeza, dada," mkuu alisema kwa upole. "Mwananchi ameshasema." Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akabonyeza.

Kesho yake Dharura walifika kwa pikipiki. Hawakuja na koleo, walikuja na utepe. Waliuzungusha kwenye lundo, wakabandika karatasi: usiguse, eneo la dharura, subiri katapila. Sasa hata lori halikuruhusiwa kukanyaga hapo.

"Umetufunga, baba!" Mama Usafi alifoka alipovuka lundo, viatu mkononi. "Kwa neno moja!"

"Mimi?" Mzee aligeuza kiti taratibu. "Jibu lilikuwa langu. Swali lilikuwa la nani?"

Mama Usafi aliviangusha viatu. Alikuwa na hasira na aibu kwa pamoja, na alipoona magoti ya baba yake yamefunikwa khanga ili inzi wasitue, alilia waziwazi. Mzee hakumbembeleza. Alimwacha alie, kisha akamwomba maji ya kunywa.

Usiku ule Mama Usafi alifikiri mpaka akapata njia. Lundo likishuka, kontena likabaki limejaa tu, Dharura hawatakuwa na kazi hapo na Uzoaji watarudi. Akawaita majirani. Kila nyumba ichukue mzigo wake, iuweke uani kwenye magunia, na lori likishaacha kontena tupu, kila mtu arudishe chake.

"Ngoja kwanza," alisema fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Taka nilishazipa talaka. Leo unaniambia nizirejee?"

"Kwa siku chache tu, jirani."

"Siku chache! Na wewe unafanya kazi halmashauri." Watu wakacheka, lakini mzee alikuwa amekaa mlangoni anawatazama, na hakuna aliyeweza kumtazama akakataa. Wakachota. Chupa, maganda, nepi, kila kitu kikarudi kulikotoka. Nyumba zilinuka mpaka watoto wakagoma kula. Utepe ulikunjwa vizuri ukawekwa pembeni, na safari hii aliyepiga simu alikuwa fundi cherehani, akajibu "Limejaa!" kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto.

Lori likaja. Likabeba kontena, likaacha tupu, na upenyo ukabaki wazi, umelowa, unateleza, lakini wazi. Mama Usafi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alimvalisha baba yake shati la zamani la mahakamani, akamsukuma mpaka ng'ambo.

"Jaa likijaa huji, jaa halijajaa waja!" kinyozi alipiga kelele, wembe mkononi. Mzee alicheka mpaka machozi. Alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule, kama mtu anayehesabiwa urithi. Akapanga kete.

"Nitakufuata jioni, baba."

"Usiwe na haraka, mama."

Mama Usafi alirudi ndani kufua godoro la mzee. Alisugua, akasuuza, akasugua tena, na kwa mara ya kwanza tangu taka zimwagike alijikuta anaimba. Nje alisikia magunia yakiburutwa na majirani wakitaniana. Hakutoka. Walikuwa wanafanya alichowaambia.

Tatizo ni kwamba magunia yalikuwa ya wiki nyingi na kontena ni moja, na kila nyumba ilitaka kuwahi. Alipotoka, mikono ina povu, tumbo lile lilikuwa limejaa zamani na magunia yamerundikwa chini, yameegemea ukuta. Upenyo ulikuwa umekwisha.

"Lakini ulisema turudishe," alisema fundi cherehani, naye hakuwa na kosa.

Simu ikaita mfukoni. Baada ya saa za kazi malalamiko yote yalikuja kwenye simu yake, na mdomo ulishazoea.

"Haloo, halmashauri, usafi."

"Ni mimi, mama. Nimeazima simu ya kinyozi." Kupitia kona ya kontena, juu ya gunia la mwisho, aliweza kuona kipara cha baba yake ng'ambo ya barabara.

"Baba." Alitaka kusema jingine, lakini lililotoka ni swali lile lile. "Limejaa au limefurika?"

Mkalimani alisogeza kete moja kwanza.

"Andika unavyopenda," alisema. "Kinyozi amenipa benchi. Huko ndani sirudi."

"Baba, nimekufulia godoro."

"Ahsante sana, mwanangu. Lilale wewe. Mimi sirudi. Hilo nalo lina kitufe?"

Akakata. Kile kipara kikageuka, kikainama juu ya ubao wa drafti, na Mama Usafi akabaki nyuma ya jaa, simu sikioni, povu likimkaukia mikononi.