Tundu Katikati ya "Verbena"

"Jina lake juu ya wimbo, jina lake chini ya wimbo! Kwa nini usimbandike na picha kabisa?"

"Biashara tu hiyo, Della," Alonzo alisema, akifuta saksafoni yake. "Mwimbaji akiwekwa kwenye karatasi kuwa mtunzi mwenza, atauimba kila klabu hapa Kansas City. Wote wanafanya hivyo."

"Wote wana wake viziwi?"

Wimbo huo ni "Verbena", jina la mwimbaji mwenyewe. Siku hizi popote unapopigwa, wanamuziki wakifika katikati kila mmoja hubuni lake, maana kwenye karatasi pale pana weupe mtupu. Wajuzi husema mtunzi alitaka kuwapa uhuru. Uhuru gani! Weupe ule ulitoka jikoni kwa Idella Tarver, Della wa Alonzo, mwaka 1937, pasi ikiwa motoni.

Idella aligonga karatasi kwa kidole. "Na hapa katikati, napo alitunga Verbena?"

Sehemu ile Idella aliibuni mwenyewe, akivumisha huku akinyoosha mashati ya mumewe ya jukwaani. Noti za wimbo wote pia aliziandika yeye. Alonzo alipiga kwa sikio. Noti kwake zilikuwa nzi waliotua kwenye waya.

"Jumamosi nilimwona akiimba. Akifika hapo kwenye sehemu yangu anafumba macho. Na wewe unafumba."

"Ndiyo upigaji wenyewe."

"Kwangu huyafumbi ila kwa usingizi."

"Wivu huo, mama."

"Ndiyo, wivu. Ulidhani mafua?"

Tena yule binti aliimba vizuri. Angeharibu, Idella angemsamehe.

Hatua za tarishi zikasikika kwenye ngazi za barazani.

"Lete bahasha, mke wangu! Wachapishaji wanaisubiri!"

Idella alivuta mkasi kwenye kikapu cha kushonea. Akakata sehemu yake pande zote nne, taratibu, kama anayekata kiraka.

"Della! Una wazimu? Nani ataniandikia tena?"

"Si una mtunzi mwenza? Wimbo wako huo, na Verbena wako. Changu kinabaki hapa." Akakisokomeza kile kipande kwenye mfuko wa aproni. "Na siku nikisikia umekipiga jukwaani, mashati utajipigia pasi mwenyewe."

Akaitia karatasi yenye tundu ndani ya bahasha, akailamba gundi, akafungua mlango.

"Habari za asubuhi, Bwana Posey. Hii iende leo."