Mahali pa Kumrejea Dama

Diani siku hizi haina usiku. Jua likitua, mahoteli huwasha taa zao, baa huwasha zao, na Ukunda yote humeremeta mpaka kuku hawajui walale saa ngapi. Katika watu wanaostahili kulaumiwa kwa hilo Menza yumo, tena mstari wa mbele, maana yeye ni fundi wa mulika mwizi, zile taa kubwa za juu ya nguzo ndefu, na nyingi za huko zimewashwa kwa mkono wake. Wananchi humshukuru. Wezi nao nadhani humshukuru, kwa kuwa sasa huona vizuri wanachokichukua.

Kazi ilikuwa nzuri na Menza aliipenda. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kila nguzo aliyoiwasha ilimsukuma mbali zaidi kwenda kukutana na mkewe.

Mkewe, Dama, alikuwa Riyadh kwa kazi ya nyumbani, akiingia mwaka wa pili. Alikwenda ili nyumba yao ya Bongwe ipate paa la maana na kisima. Jioni moja kabla ya safari walikaa uani wakapatana jambo la kitoto, lile ambalo watu wazima wakipendana hawaoni haya kulifanya. Upande wa kusini wa anga kuna nyota nne zilizokaa kama kishada cha watoto kikiwa hewani, na Dama alizipenda tangu utotoni kwao Msambweni. Basi wakaahidiana kwamba kila Ijumaa, baada ya isha, yeye atakitazama kishada kule na Menza atakitazama huku, kisha watumiane ujumbe. Miezi ambayo kishada huchelewa kuchomoza, watakitazama kabla ya adhana ya alfajiri. Anga ni moja, walisema, na mbingu haihitaji visa.

Mwanzo Menza alikuwa akitazama hapo hapo uani. Kisha kaunti ikaamua kwamba njia panda ya Bongwe nayo ipate mulika mwizi, na fundi akawa ni nani? Akaiwasha, watu wakapiga vigelegele, na usiku ule akitoka uani akakuta kishada kimebaki nyota mbili zenye mwanga wa kuombaomba. Akapanda pikipiki akaenda Galu, lakini Galu nako mahoteli yanamulika hata mawimbi. Akajaribu vilima vya Shimba. Huko giza lipo, ila upande wa kaskazini mwanga wa Mombasa umesimama kama moto wa shamba, na ukungu wa vilimani hauna ratiba. Akashuka kusini mpaka kwenye miwa ya Ramisi, na hapo akakiona kishada chote, na ule ukanda mweupe wa nyota umepita nyuma yake. Akamtumia Dama ujumbe wa sauti akipiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimepata mahali, Dama! Kimelala kidogo upande wa kulia, nyota ya chini ndiyo inayowaka kuliko zote. Wakiona?"

"Nakiona," Dama akajibu. "Hata huku kimelala kidogo. Kizuri, mume wangu."

Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Menza akawa bingwa wa giza. Alijua mwezi huzama lini, wakulima huchoma mashamba lini wakaujaza moshi upeo wa macho, na wingu la kusi huachia nafasi saa ngapi. Mengine alifundishwa na Muema, kijana wa Kikamba aliyeajiriwa na hoteli moja kuwaonyesha wageni nyota kwa darubini. Muema ndiye aliyemwambia aifunge tochi kwa kitambaa chekundu, na akifika mahali asiwe na pupa, akae tu, macho yalizoee giza, kwani macho yaliyotoka kwenye taa hayaoni kitu kwa muda.

Ni Muema huyo huyo, bila ubaya wowote moyoni, aliyeivunja nyumba. Walikuwa wamekutana kwenye miwa ya Ramisi, wageni wamekwisha kurudi kwenye gari lao, na Menza akawa anamwonyesha ujumbe wa Dama kwa majivuno.

"Wife ako wapi vile?" Muema akauliza.

"Riyadh."

"Riyadh? Zii, bro. Hii kishada yako huko haionekani. Ikitoka sana inachungulia tu hapo chini kabisa, na ile town yote ni vumbi na magorofa na taa. Hawezi kuiona, manze. Labda anakupea moyo tu."

Menza akacheka, akaaga. Aliendesha pikipiki mpaka Bongwe bila kujua amepita wapi. Mwaka mzima na zaidi, "nakiona, nakiona." Kimelala, kimesimama, kizuri mume wangu. Kama ameweza kudanganya juu ya nyota, ambazo hazina faida kwa mtu, amedanganya mangapi mengine? Na maneno ya watu juu ya wanawake wanaokwenda Arabuni aliyajua yote; alikuwa akiyakataa barazani kwa sauti kubwa, lakini maneno ukiyakataa hayaendi mbali, hukaa karibu yakingoja siku yako mbaya. Akafika uani, hata pikipiki hajaizima, akashika simu akarekodi ujumbe wa sauti.

"Muongo we! Mwaka mzima wanichezea kama mtoto. Huko huioni nyota yoyote, nimeambiwa na wanaojua. Ijumaa zote hizo ulikuwa na nani? Basi endelea naye. Nimekuacha, Dama. Nimekupa talaka yako."

Ulimi hauna mfupa. Akautuma, na kabla hajahesabu hasara yake akaufuta. Lakini alama mbili za buluu zilikwisha kutokea.

Jibu lilikuja alfajiri, na halikuwa na kilio wala matusi. Dama alinong'ona, kama anavyonong'ona mtu asiyetaka kumwamsha mwenye nyumba.

"Nimeusikia kabla hujaufuta, Menza. Chumba changu hakina dirisha. Kiko ubavuni mwa mashine za kufulia. Mlango wa nje hufungwa, na mama mwenye nyumba hulala na ufunguo. Nyota sijaiona hata moja tangu niteremke kwenye ndege. Nilikuwa nasema nakiona kwa sababu ulikuwa ukifurahi sana ukipata mahali, nami furaha yangu huku ilikuwa hiyo tu. Kila ulivyoniambia kimelala ndivyo nilivyokiona ukutani. Sikuwa na mtu. Nilikuwa na wewe."

Menza aliusikiliza ujumbe ule akiwa amekaa chini kwenye mchanga wa uani, akalia kama aliyefiwa. Kulipokucha akaenda kwa maalim Waziri, imamu wa msikiti wa mtaani, akamweleza yote bila kujipendelea.

"Talaka imepita," maalim akamwambia, "lakini ni moja, alhamdulilahi. Mkeo akiwa ndani ya eda, yaani tohara zake tatu, ule usafi wa baada ya hedhi, una haki ya kumrejea. Huna haja ya mahari wala mashahidi. Tamka tu kwamba umemrejea, hata kwa hiyo simu yako. Ila usikawie, Menza. Tafadhali usikawie."

Neno lilikuwa jepesi hivyo. Angeweza kulisema pale pale mlangoni kwa maalim, viatu vikiwa mkononi. Akaitoa simu. Akaitazama. Akaona haya.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika masikio. Aliona kwamba neno la kumvunja Dama alilitupa kama ganda la muhogo, basi la kumrejesha lazima alitoe kwa heshima, ana kwa ana, mahali panapolingana nalo. Dama alikuwa akimaliza mkataba baada ya Iddi ya kuchinja, arudi nyumbani; shangazi yake wa Msambweni, Mwanatumu, ndiye aliyempa Menza habari hiyo. Menza akaitazama kalenda ya ukutani. Eda ni miezi mitatu, si ndivyo watu wote husema? Dama angetua kabla miezi mitatu haijatimia. Basi atampokea, atampeleka mahali penye giza kuliko mahali pote Kwale, atamwonyesha kishada kwa macho yake yeye mwenyewe, macho yaliyonyimwa hata dirisha, na hapo, chini yake, atamwambia: nimekurejea. Kawia ufike, alijiambia. Methali hiyo ni tamu kwa watu waliowahi kufika.

Akaanza kutafuta, na safari hii si kwa mchezo. Ramisi akaikataa, kwa sababu Muema huleta wageni. Shimoni akaikataa kwa taa za gatini. Mahali pamoja nyuma ya Majoreni palimpendeza, lakini wenyeji walikuwa wakichoma mkaa na moshi ukatanda. Kila baada ya kazi alipanda pikipiki, akashuka kusini, akakaa gizani na kitambaa chake chekundu akipima, hapa panafaa, hapa hapafai. Wakati wote huo simu ilikuwa mfukoni. Dama hakuandika, naye hakuandika. Alidhani kimya chake ni adabu.

Mwisho akapapata. Ni kwenye barabara mbovu ya kwenda Vanga, unakunja kabla ya kijiji, unaupita mstari wa mikoko, unatokea kwenye uwanda mtupu wa chumvi. Hakuna nguzo. Hakuna nyumba. Upande wa kusini ni Tanzania na giza lake. Usiku ule nyota zilishuka mpaka chini kabisa, na Menza, peke yake, akacheka kwa furaha na kusema kwa sauti, "Hapa."

Dama alirudi wiki iliyofuata. Hakumwambia, Menza alisikia kwa shangazi. Akaazima gari la rafiki yake, probox, akavaa kanzu, akaenda Msambweni jua likiwa limeanza kuegemea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Dama akatoka chumbani amejifunika vizuri, kichwa mpaka viganja. Amekonda. Mikono imechubuka kwa sabuni. Akamsalimu Menza bila kumpa mkono, na Menza akadhani ni haya ya safari ndefu.

"Nina mahali nataka kukupeleka," akasema. "Nakuomba. Nimepatafuta miezi yote hii."

Dama akamtazama shangazi yake. Shangazi akavuta leso yake kwenye kiti. "Twende sote," akasema.

Menza hakulielewa hilo pia. Njia nzima Dama alikaa nyuma na shangazi mbele. Walipofika uwandani giza lilikuwa limeiva. Akawaomba wakae kidogo, macho yazoee. Wakakaa. Upepo wa kusi ulikuwa na baridi, na kishada kikajitokeza taratibu juu ya mikoko, nyota moja, ya pili, kisha zote nne, safi kama zimeoshwa.

Dama akainua uso. Machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

Menza akapiga goti kwenye chumvi. "Dama, nilikosa. Neno lile lilitoka kwa hasira, na nimejuta kila siku ya Mungu. Nimekurejea, mke wangu. Shahidi ni shangazi na nyota hizi."

Shangazi Mwanatumu akashusha pumzi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "eda yake imekwisha."

"Miezi mitatu haijatimia, shangazi! Nimehesabu kwenye kalenda."

"Eda ya mwanamke aonaye siku zake haihesabiwi kwenye kalenda ya ukuta. Huhesabiwa mwilini mwake. Ilikwisha angali huko."

Menza akamgeukia Dama. "Basi tufunge ndoa upya. Kesho. Nitaleta posa, nitaleta wazee, nitaleta chochote."

"Hapana," Dama akasema.

"Dama, nilitaka nikuambie kwa heshima. Nilitafuta mahali..."

"Najua ulitafuta. Mahali ni pazuri, Menza, sijawahi kuona pazuri hivi." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilikuwa nikilala na simu kifuani. Tohara ya kwanza nikasema ana hasira bado. Ya pili nikasema ana haya. Ya tatu nikaoga, nikakaa kitandani, nikaishika simu mpaka kulipokucha, maana nilijua ikipita hiyo nimekuwa si wako. Sikutaka nyota. Nilitaka neno moja. Talaka uliona inafaa kuituma kwa simu. Kunirejea ndiko ukaona simu haifai."



Dama akasogea hatua chache mbele, peke yake, akasimama na kilio kikamshika kweli, kile cha kutikisa mabega. Menza akainuka, akaunyosha mkono amshike kama alivyozoea kumshika. Shangazi akamtazama tu. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha, maana hakuwa na ruhusa tena ya kumgusa, na ni shangazi aliyekwenda kumkumbatia.