Ngozi Tupu Chini ya Kofia

Killari alikuwa na miaka kumi na mmoja mama yake alipopaona pale mahali kichwani mwake. Ilikuwa Jumapili asubuhi, Zoila anamchana binti yetu baada ya kumwosha nywele, na mimi niko mlangoni nakunja mablanketi yaliyobaki sokoni jana yake. Mara Zoila akasimamisha kitana. Kisha akaniita.

"Baba Killari, hebu njoo uone."

Juu ya sikio la kushoto palikuwa na ngozi tupu, upana wa mdomo wa kikombe. Pembeni vilichomoza vinywele vifupi, kila kimoja na urefu wake, vingine vimekatikia njiani.

"Mapunye haya," Zoila alisema. "Kayatoa shuleni."

"Labda," nikasema.

Nilijua kwamba si mapunye. Mapunye hayaachi vinywele namna ile. Mimi jambo hilo nilikuwa nalijua kwa miaka thelathini, na jibu nililompa mke wangu ni labda.

Naitwa Rafael Cachimuel. Nafuma mablanketi na shali hapa kijijini Peguche kwa mashine za umeme alizoniachia baba yangu. Mashine yenyewe inafanya karibu kila kitu. Mfumaji anakaa, anaangalia, anasubiri uzi ukatike ili aufunge. Katika kusubiri huko ndipo nilipoanza, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mkono unapanda kichwani wenyewe. Vidole vinapapasa, vinapita nywele laini, vinatafuta mmoja ulio mgumu, uliojikunja, halafu vinauvuta. Ukitoka na kile kishina chake cheupe, mwili mzima unatulia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Utulivu huo haudumu hata dakika moja. Inakuja aibu, na baada ya aibu vidole vinatafuta mwingine. Wiki mbaya zilipofika nilikuwa nafagia chini ya kiti changu kabla mtu hajaingia.

Kwetu mwanamume anafuga nywele na kuzisuka mkia mmoja mgongoni. Babu yangu alihama shamba la tajiri aliyekuwa akimfanyia kazi, akaacha kibanda na kuku wake wote, kwa sababu msimamizi alitishia kumkata msuko wake. Sasa mjukuu wa mtu kama huyo atasemaje kwamba nywele zake anazing'oa mwenyewe, moja moja, wala hakuna aliyemlazimisha? Nilipomwoa Zoila nilimwambia kwamba utotoni nilimwagikiwa na maji ya moto ya kutia uzi rangi. Alinihurumia sana. Alinifumia kofia laini ya kulalia ili kovu lisinisumbue kwa baridi. Kwa miaka kumi na minne mke wangu alinihurumia kwa ajali ambayo haikutokea.

Basi Killari akapakwa dawa ya mapunye. Bibi yake, mama mkwe wangu, akaja na yai la kienyeji akamsugua nalo kichwa kizima akinong'ona, akalipasua kwenye glasi ya maji ili asome ugonjwa, akasema mtoto ameshtuliwa na kitu. Mwezi ukapita. Upara ukaongezeka. Ndipo siku moja Zoila alipoingia chumbani na nguo zilizofuliwa akamkuta Killari anasoma, kitabu mkono mmoja, mkono mwingine kichwani, na juu ya ukurasa nywele zimelala kama vipande vya uzi.

"Anajing'oa mwenyewe!" Zoila alinijia mbio kwenye mashine. "Mwenyewe, Baba Killari! Mtoto wetu ana nini?"

Hata siku hiyo sikusema.

Zoila alimshonea glavu za sufu azivae hata akilala. Mimi nilifanya baya zaidi. Tulikuwa tunakula mchana, mahindi ya kuchemsha na viazi, na Killari alivua glavu ili ale. Nikauona mkono wake wa kushoto unapanda taratibu, mwenyewe hana habari, macho yako kwenye sahani. Nikauona kama ninavyouona wangu. Nikaupiga. Niliupiga kwa nguvu, punje za mahindi zikatawanyika mezani.

"Unataka watu waseme Cachimuel ana mtoto mwendawazimu?"

Killari hakulia. Aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake akaikalia, na hakula tena. Mimi niliendelea kula, kofia yangu nyeusi kichwani.

Mwalimu wake ndiye aliyetuelekeza kwa mshauri wa kituo cha afya, mama mmoja mfupi anayeitwa Daktari Maricela. Hakuanza kwa kumkagua Killari kichwa. Alimuuliza anapenda kusoma nini, wakaongea weee, mpaka mtoto akasahau kuona haya.

"Na mkono unakwenda kichwani wakati gani?"

"Nikisoma," Killari alisema. "Nikiwa na wasiwasi wa mtihani. Na nikiwa nasubiri. Saa nyingine sijui hata kama uko juu."

Daktari akatugeukia. "Huyu si mwendawazimu, wala hana kiburi. Mwili wake unatafuta utulivu, na umeupata mahali pabaya. Wako wengi, wakubwa kwa wadogo, ila wanaficha. Kumgombeza kunamwongezea wasiwasi, na wasiwasi unaupeleka mkono palepale." Akachukua kalamu. "Mara nyingi jambo hili huonekana zaidi ya mara moja katika ukoo. Kuna mwingine kwenu?"

"Kwetu hapana," alisema Zoila, akaniangalia.

Killari naye akaniangalia. Kofia ilikuwa inanibana kama imepungua.

"Hapana," nikasema.

Daktari akaandika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukifuata reli. Killari alikuwa anarukaruka juu ya mataruma mbele yetu, halafu akaacha kuruka.

"Kwa hiyo ni mimi tu," alisema.

"Wewe tu nini?" mama yake akauliza.

"Kwenye ukoo mzima. Ni mimi tu niliyeharibika."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

Mimi nilikuwa nyuma yao hatua mbili. Ningeweza kusema palepale. Hapakuwa na mtu mwingine ila ng'ombe wa jirani. Nilitembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, nikawasha mashine, na kelele yake ikanisaidia kutosikia. Nilijificha humo siku mbili.

Siku ya tatu, saa tisa mchana hivi, uzi ulikatika. Nilipoinua mkono kuufunga nikakuta nywele tatu ziko tayari kati ya vidole vyangu. Sikukumbuka kuzing'oa. Nilizima mashine zote mbili nikaenda jikoni. Zoila alikuwa anamenya maharage. Killari alikuwa mezani na madaftari yake, anaandika akiwa amevaa glavu, penseli inamteleza.

Nilivua kofia. Nikafungua msuko, nikapiga magoti mbele ya mtoto ili aone vizuri.

"Hili si kovu la moto," nilisema. "Nazing'oa mwenyewe. Tangu nilipokuwa mdogo kama wewe. Daktari aliponiuliza, nilidanganya."

Nilisikia kidole kimoja chenye sufu kinanigusa utosini.

"Hata hapa?" Killari akauliza.

"Hata hapo."

"Na hapa? Hapa zinaota."

"Hapo niliacha kidogo."

"Rafael," alisema Zoila. Mke wangu haniiti kwa jina. "Ulikuwa umekaa pale kwa daktari. Ulimsikia mtoto njiani. Wewe ndiye uliyempiga mkono."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakufumia kofia!"

Killari akavua glavu zake, moja, kisha ya pili, akaziweka mbele yangu.

"Vaa wewe."

Hakuwa anatania. Nilizivaa. Zilikuwa ndogo, zikaishia katikati ya vidole. Zoila alisimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani, akatoka nje uani, akakaa huko mpaka jioni.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa Daktari Maricela watu watatu, na nikasema kabla hajaniuliza. Hakunisema. Alifuta kwenye karatasi yake, akaandika upya, kisha akaleta madaftari mawili badala ya moja.

Alitufundisha mambo madogo madogo. Tuandike kila mkono ulipopanda: ilikuwa saa ngapi, tulikuwa wapi, tulikuwa na nini moyoni. Hamu ikija, tukunje ngumi na kuibana pembeni ya mwili mpaka hamu ipite, maana hupita. Killari ajifunge kitambaa kichwani akisoma, na azungushe plasta kwenye kidole gumba na cha shahada ili vidole visiusikie vizuri unywele. Ahamishe kiti kutoka ukutani anapoegemeza kiwiko. Mimi niweke donge la sufu mapajani, nilichambue wakati mashine inafanya kazi. Kwa Zoila alikuwa na agizo moja: asimkague mtoto kichwa kila asubuhi. Hilo lilimshinda kuliko yetu yote.

"Itaisha?" Zoila aliuliza.

"Siwezi kuahidi hivyo. Watu wengi hupata nafuu kubwa, na ikirudi wanaijua, wanaanza tena. Nyinyi mna bahati moja, wenye shida hii wako wawili."

Sijui kama ni bahati. Usiku huo na siku nyingi baadaye Zoila alinigeuzia mgongo. Alikuwa anaongea nami habari za uzi na mboga tu. Siku aliyoniambia niketi anichane, alinichana kwa nguvu mno, na alipofika penye ngozi tupu akapunguza mkono.

Sasa imepita miezi minane. Nywele za Killari juu ya sikio zimefika urefu wa kucha, nyeusi, zimesimama kama brashi. Wakati wa mitihani alipata wiki mbaya mbili, pakatokea upara mwingine nyuma, akajifungia chumbani akisema amerudi mwanzo. Hakuwa amerudi mwanzo, maana alikuja mwenyewe kutuambia. Mimi nimepunguza. Sijaacha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunafungasha mablanketi uwanjani, yeye anashika ncha mbili, mimi mbili.

"Leo nne," alisema bila kuniangalia.

"Mimi saba."

"Saba! Mtu mzima mwenye ndevu!"

"Ndevu zenyewe sina."

"Utazing'oa na hizo," akasema, akacheka, nami nikacheka. Tukakunja blanketi lingine. Kwa kuwa alikuwa amecheka, nikapata ujasiri.

"Bado una hasira na mimi?"

Alinyoosha kwanza mkunjo wa blanketi.

"Ile siku ya mahindi nilidhani unanichukia," alisema. "Sasa najua ulikuwa unaogopa. Lakini bado ninayo."

"Hasira?"

"Ndiyo. Si kila siku."

"Sawa," nikasema.

Akanirushia ncha zake, nami nikazidaka, akaenda kuchukua blanketi lililofuata.