Siri ya Shuka Aijuaye Mfuaji

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa na mashine nne za kufua, mbili za kukausha, meza moja ndefu ya kukunjia na midomo saba. Mashine ziliharibika mara kwa mara, midomo haikuwahi. Asubuhi ile, hata hivyo, midomo yote ilitulia, kwa sababu meneja alikuwa amesimama mezani, mikono nyuma, akimtazama Mama Kompyuta akifunga kamera juu ya meza na kuiunganisha na kompyuta yake kuukuu.

Jina hilo walimbandika wafuaji. Kabla ya hapo alikuwa mama wa dirishani benki, akipokea watu kwa tabasamu na kuwaaga kwa stakabadhi, hadi benki ilipoweka mashine ukutani isiyochukua likizo wala kunyonyesha. Alilia, akanuna, kisha akajiandikisha kozi ya jioni kusomea vitu vilevile vilivyomtimua. Aliyetafunwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Yeye alikwenda kusomea nyoka.

Aliyemfikisha hapa ni wifi yake, dada wa mumewe, mkuu wa wafuaji. Mashuka yaliyobaki na madoa yalikuwa yakipenya hadi vitandani, wageni wakilalamika, na meneja akataka jicho la mashine la kuyanasa kabla hayajapigwa pasi. Wifi akamwambia, "Mjaribu wifi yangu. Akiweza, mpe kazi ya kulitunza hilo jicho. Asipoweza, agiza kwa hayo makampuni yako."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani siku ile: ajira au kurudi nyumbani kuhesabu mbao za dari.

"Hebu nieleze," alisema meneja. "Umeiambia doa ni nini?"

"Haiambiwi, bosi. Inaonyeshwa. Nimeipa picha za mashuka machafu, nikaiambia haya machafu. Nikaipa safi, nikaiambia haya safi. Inakisia, inakosea, inasahihishwa, inakisia tena, mpaka inashika."

"Kama mume," alisema Bi Pasi, mpiga pasi mkuu, kutoka kwenye kona yake yenye mvuke. "Ila hiyo inashika."

Wafuaji wakacheka puani. Mama Kompyuta naye akatabasamu, maana hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameweka kando picha ambazo mashine haikuwahi kuziona, kama mwalimu wa jioni alivyomfundisha, akaipimia hizo. Ilipatia karibu zote.

Meneja akafungua kabati na kutoa shuka alilokuwa ameliweka kwa hasira: limekaushwa, limenyooshwa kwa pasi, na katikati lina doa la chai kubwa kama sahani. Akalitandaza chini ya kamera.

Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi ya kijani: SAFI.

"Rudia."

SAFI.

"Labda haikunywa chai asubuhi," alisema Bi Pasi, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Meneja akachomoa shuka lingine kutoka mashine ya kufua, limetakata kabisa, bichi, limejikunjakunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia. RUDISHA, yakasema maandishi mekundu.

Mama Kompyuta akainamia kompyuta. Akafungua zile picha alizoifundishia, akazipanga pande mbili, akakodoa macho. Safi zote zilikuwa kavu na zimenyooka. Chafu zote zilikuwa na mikunjo, zimeloa, madoa yake yamefifia hadi kuwa kivuli. Zote, hata moja haikukosa.

Ndipo alipoelewa. Mashine haikujifunza doa, ilijifunza unyevu. Mashine ni mwanafunzi mvivu. Ukiiachia njia ya mkato, barabara kubwa haiioni. Na zile picha za mtihani alizichota kutoka rundo lilelile, kwa hiyo mtihani nao ulikuwa na maji. Alikuwa amejipima urefu kwa kamba aliyoikata mwenyewe.

Sasa, yale mashuka machafu yaliloaje? Aliomba yale yaliyotoka kwenye kukaushwa yakiwa bado na madoa. Wifi alimwambia, "Usijali, nitakuandalia." Akamgeukia wifi. Wifi alikuwa akilitazama tundu la kutolea maji kana kwamba limemwita.

Kumbe kuandaa kwenyewe ndiko huko: ameyaloweka, ameyasugua, ndipo akayatoa hadharani.

"Nani kaharibu?" aliuliza meneja.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa tamu. Lingemwokoa yeye na kumzamisha mwingine.

"Mimi, bosi," akasema. "Nilipiga picha bila kuuliza yamepitia wapi. Aliyepaswa kuuliza ni mimi."

Meneja akachukua funguo zake mezani. Zikalia kama kengele ya kufunga shule.

"Wee meneja, simama," alisema wifi. "Usimsikilize huyo, ana moyo wa pamba. Niliyaloweka mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Siri ya maiti aijuaye mwosha, na siri ya shuka aijuaye mfuaji. Mtu kalala, kaugua, kamwaga, kalia usiku kucha, hayo yote sisi tunayaona na hatuyasemi. Mama aliyenifundisha kazi aliniambia, shuka la mgeni halionyeshwi mtu kabla halijagusa maji. Leo nije niyapange yapigwe picha, zipelekwe chuoni, wasomi wazikodolee macho? Nikasema angalau niyaogeshe uso."



Meneja akamtazama wifi, akamtazama Mama Kompyuta, akatazama saa. "Nakwenda kukagua vyumba vya juu. Nikirudi nikute jicho linaona. Nisipokuta, naagiza kwa watu wengine, na msinilaumu."

Mlango ulipofungwa, wifi akaanza, "Wifi yangu..."

"Utaniomba radhi nyumbani, tena kwa kuku. Sasa hivi nataka madoa."

"Lakini wifi, wageni wa watu..."

Mama Kompyuta akafikiri. Mtu huyu hakuwa mjinga wala mkorofi. Alikuwa na sheria yake, na ilikuwa sheria nzuri. "Sikiliza. Kitambulisho cha chumba kilichoshonwa pembeni, tunakikunja chini, kisionekane. Napiga picha kitambaa na doa tu. Atakayeiona hatajua shuka limetoka kwa nani. Na picha hazitoki kwenye kompyuta hii."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Haya. Lete kapu, Bi Pasi!"

Wakatandaza. Doa la chai, la wino, la mafuta, la damu ya pua, na jingine ambalo Bi Pasi alilitazama akasema, "Hili tusiulizane." Safari hii Mama Kompyuta alichanganya makusudi: machafu makavu na machafu mabichi, safi yaliyonyooka na safi yaliyojikunja, ili unyevu usiwe shahidi tena. Ilipobidi akalowesha hata safi. Wafuaji wakamwona mwehu, lakini wakayamwagia maji.

Akaamuru mashine ijifunze upya. Kompyuta ikaganda. Kishale kikatulia kama inzi aliyekufa.

"Imekufa?" aliuliza wifi, mkono kifuani.

"Haijafa. Imegoma." Akafungua orodha ya programu zinazoendelea. "Humu ndani kuna msimamizi, mfumo endeshi wenyewe, anayegawa zamu na nafasi kwa kila programu. Sasa angalieni. Programu ya kamera imeshikilia faili la picha, inasubiri nafasi kwenye kumbukumbu. Programu ya kujifunza imeshikilia nafasi, inasubiri faili. Hakuna anayeachia."

"Ni mimi na huyu!" alisema Bi Pasi, akimnyooshea kidole mfuaji mwenzake mnene aliyekuwa ameegemea mlango. "Juzi mimi nina beseni, yeye ana sabuni. Tulikaa hivyo hadi chakula cha mchana."

"Nani alishinda?"

"Uchafu."

"Basi hapa lazima mmoja nimuue."

"Yupi?" Wote wakasogea.

"Yule ambaye akianza upya hapotezi kitu. Kamera imeshamaliza kuhifadhi picha." Akaifunga programu ya kamera. Faili likaachiwa, kipimo cha kujifunza kikaanza kusogea taratibu kwenye kioo, na wafuaji wakakitazama kama watu wanaochungulia sufuria ya watu wengi.

Kilipofika mwisho, Mama Kompyuta akaiwasha tena kamera, na meneja alikuwa mlangoni. Moja kwa moja akalichukua shuka lake la chai.

"Hapana, bosi," alisema Mama Kompyuta. "Hilo tumeshalipiga picha. Tukilitumia, itakuwa imeonyeshwa majibu. Ipe kitu isichokijua."

Wifi akamfinya kiunoni, kwa nguvu. Meneja akatazama huku na huku. Kila kitambaa chumbani kilikuwa kimeshapita chini ya kamera. Akafikiri kidogo, akavua koti lake jeupe, akalitandaza mezani kifua juu. "Hili limetoka humu humu jana," akasema. "Hata vumbi halina."

RUDISHA.

Mama Kompyuta akafumba macho. Meneja akatabasamu tabasamu la mtu anayetaka kuyapigia simu yale makampuni.

Lakini wifi alikuwa ameinama juu ya koti, pua karibu iguse kitambaa. Chini ya mfuko, mstari mwembamba, wa manjano.

"Yai," akasema.

Meneja akaukwangua kwa ukucha. Kweli, yai. Lakini hakuwa mtu wa kudanganyika upesi. Mashine inayoita kila kitu kichafu haiizidi akili ile ya asubuhi. Akaligeuza koti, mgongo juu, akalinyoosha kwa viganja, akangoja.

SAFI.

Akaligeuza tena. RUDISHA. Mgongo. SAFI.

"Jumatatu uje na vyeti vyako," akasema, akaondoka na shati tu, koti akaliacha mezani.

Mama Kompyuta akakaa juu ya fungu la taulo. Akatoa simu ampigie mumewe, akabonyeza, akaisikia sauti yake, na akaangua kilio. Wifi akamnyang'anya simu.

"Kaka, mkeo kapata kazi. Eeh. Ndiyo, analia. Hapana bwana, tulia, analia vizuri."