Hafla ya Kumuaga Valdeci

Valdeci alikuwa anajipaka unga wa chaki viganjani alipoinua macho na kuliona jina lake ukutani, nyuma ya meza ya waamuzi, kwenye kitambaa kirefu cha rangi za klabu. ASANTE VALDECI KWA MIAKA YOTE. Chini ya kitambaa kulikuwa na keki, sinia la coxinha, vile vitafunio vya unga vilivyojazwa kuku na kukaangwa, na shada la maua. Kwa muda mfupi alidhani ni Valdeci mwingine.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anaacha. Ni kweli alikuwa na miaka thelathini na mbili, umri ambao wenzake wengi wa jimnastiki walishakuwa makocha au mawakala wa bima. Ni kweli pia bega lake la kushoto lilipasuliwa mwaka juzi, na asubuhi za baridi ilimbidi alibembeleze kabla halijakubali kuingia kwenye shati. Lakini alikuja kwenye mashindano ya jimbo, hapa mjini Santo André, kwa jambo moja tu. Wawili wa kwanza kwenye pete za kuning'inia wangekwenda mashindano ya taifa, naye alitaka kuwa mmoja wao.

Bwana Otacílio, mwenyekiti wa klabu, alimjia mikono wazi kama baba wa bibi harusi. Akamweleza mpango wote. Valdeci angepanda, afanye mambo mepesi asije akaumia, ashuke, kisha avue zile ngozi za kukinga viganja na kuziweka juu ya godoro, wapiga picha wakiwa tayari. Watu wangetokwa na machozi kidogo, halafu keki. Nafasi yake klabuni ilishapata mtu.

"Nani kasema naacha?" Valdeci aliuliza.

"Deci, usinitie aibu bwana. Nimemleta hadi baba yako."

Hapo ndipo alipochomwa moyoni. Akageuka, akamwona kweli, safu ya tatu, Mzee Jerônimo, amevaa shati la kanisani, mikono juu ya magoti. Mzee huyu alitoka jimbo la mbali la Pernambuco akiwa kijana, akasukuma maisha yake yote kwenye kiwanda cha magari, akifunga milango kwenye mabodi mpaka akastaafu. Mchezo wa mwanawe aliuita sarakasi isiyo na tembo. Wavulana wote wa mtaa wao walicheza mpira, wa kwake akavaa nguo ya kubana na kujibiringisha. Baani marafiki zake walimtania, wakimwuliza binti yake hajambo, naye akameza bia yake. Medali ya kwanza ilipofika nyumbani, aliuliza kama inaliwa. Mashindano hakuwahi kuhudhuria hata mara moja. Leo amekuja, kwa sababu ameambiwa ni mwisho.

Jina la Valdeci likatangazwa.

Pete huning'inia juu sana kwa mtu mfupi, kwa hiyo kocha humshika mchezaji kiunoni na kumwinua. Tadeu, kocha wake, alikuwa amemwinua Valdeci hivyo tangu akiwa mtoto asiye na meno ya mbele. Wakatembea pamoja mpaka chini ya pete, Tadeu akiangalia godoro.

"Ulijua?" Valdeci alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi." Tadeu alikohoa. "Siku ile bega lilipokatika ni mimi niliyekubeba, Deci. Wewe hukujisikia ulivyokuwa ukilia."

"Nipandishe."

"Usifanye msalaba kule juu. Nakuomba."

"Nipandishe, mwalimu."

Mikono ya Tadeu ilikaa kiunoni pake zaidi ya ilivyohitajika. Kisha ikamwinua.

Valdeci alizishika pete, akangoja zitulie. Hakufanya jambo lolote jepesi. Alijivuta kutoka chini, mikono imenyooka, polepole, kama mtu anayetoka kisimani bila ngazi, mpaka mabega yakawa sawa na pete na mikono ikafunguka pande zote mbili. Msalaba. Waya za pete zikianza kutetemeka waamuzi huona, naye alizikataza zisitetemeke, kwa tumbo, kwa mapaja, kwa meno. Bega la kushoto lilianza kuwaka. Waamuzi walitaka sekunde mbili. Aliwapa mbili zao, akaongeza na zake, macho yake yakiwa yamekitazama kile kitambaa chenye jina lake.

Mtu mmoja kule juu akapiga kelele, "Mshushe huyo, atakufa!" Watu wakacheka, lakini kwa woga.

Akauachia msalaba, akazunguka, akasimama kichwa chini miguu juu, kisha akashuka taratibu akaufanya tena, safari hii akiwa kichwa chini. Jambo hilo hakuwa amelijaribu mbele ya watu tangu apasuliwe. Jasho lilimwingia puani. Tadeu, aliyesimama chini yake tayari kumdaka, alikuwa amefumba macho.

Kilichomponza ni kushuka. Alijirusha, akabiringika mara mbili hewani, akatua kwa miguu yote miwili, kisha goti likamsaliti. Akapiga hatua kubwa mbele na kugusa godoro kwa mkono. Mkono tu, lakini waamuzi hawana huruma na mkono.

Akawa wa tatu.

Bwana Otacílio hakupoteza muda. Alifika na maua na kipaza sauti, akaanza kueleza jinsi ilivyo vigumu kusema kwaheri. Valdeci alimwacha amalize sentensi moja. Kisha akapokea maua kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, vyote vikageuka vyeupe kwa chaki.

"Maua nashukuru," alisema. "Keki tule. Jumatatu niko mazoezini."

Otacílio akamwinamia sikioni, akamkumbusha kwamba ukumbi wa mazoezi una mlango, mlango una kufuli, na kufuli ina mwenyewe.

Valdeci alikuwa bado ameshika kipaza sauti. "Basi nitafanyia mlangoni."

Wasichana wa timu ya kina dada ndio walioanza kupiga miguu sakafuni, kisha ukumbi mzima ukafuata. Otacílio akatabasamu kwa ajili ya picha. Ngozi za viganja hazikuvuliwa. Tadeu alikuwa ameshafunga begi lake, na alipopita karibu na Valdeci hakumwangalia usoni. Alisema tu, "Baridi itaingia begani. Funika," akaenda zake.

Baba na mwana walitoka pamoja, kwa kuwa basi lao lilikuwa moja. Mzee Jerônimo alitembea akitafuna coxinha mpaka walipofika kituoni, kando ya bustani ambako halmashauri imechimbia vyuma vya kufanyia mazoezi.

"Pale ulipofungua mikono," alisema hatimaye, "unaumia wapi? Begani?"

"Kila mahali."

"Na ukasema Jumatatu."

"Nimesema Jumatatu."

Mzee akapangusia mafuta ya vidoleni kwenye suruali, akavua kofia yake na kumkabidhi Valdeci. Akakiendea chuma kirefu kuliko vyote, akarukia, akakikosa, akarukia tena, akakipata.

Basi lao lilikuja, likasimama, mlango ukafunguka ukafungwa, likaondoka. Mzee Jerônimo alikuwa bado ananing'inia, shingo imezama katikati ya mabega, viatu vyake vikiyumba taratibu juu ya majani.