Skrubu za Bunduki ya Baba

Bunduki ya upepo ililala juu ya meza ya jikoni, na Dorrie Hadley alikuwa ameiinamia na kioo cha kukuzia. Clem Yardley, mwenzake wa timu ya shabaha ya baa, alikaa nayo wiki tatu akiitengeneza. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha washa ya ngozi kwenye pistoni, ile inayobana upepo, maana ya zamani ilikuwa imekauka na risasi zilifika kwenye shabaha zikiwa hoi. Lakini asubuhi hii alipoijaribu bustanini, ililia vingine. Siku zote ilikohoa. Sasa ilipiga pa!, kavu.

Tena skrubu hazikuwa na kovu.

Mkusanyaji wa bunduki kuukuu hutazama skrubu kabla ya kutazama kitu kingine. Bisibisi ikipita, huacha alama. Hizi zilikuwa safi kama siku zilipotoka kiwandani mwaka 1923. Sasa Clem aliifunguaje? Au hizi zilitoka kwenye bunduki nyingine? Clem alikuwa nayo moja ya aina hiyohiyo, iliyoliwa na kutu tumboni, na kwa miaka kumi hakuchoka kumwambia, "Dorrie, ukiichoka yako, usinipite."

Ya Dorrie iliundwa na baba yake, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda hicho. Pistoni aliinyoosha kwa mikono yake, akaigonga chapa ya nyota ndogo mahali pasipoonekana na mtu. Hakuna kingine cha mikono ile kilichobaki.

Alimpigia Clem simu.

"Clem, hivi uliifungua kweli?"

"Ningebadilishaje ngozi bila kuifungua, bibie? Kwa maombi?"

"Inalia vingine."

"Imepata pumzi, hiyo. Ipigie risasi mia, itatulia. Na jioni usichelewe mashindano pale baa, timu ya Tipton inakuja na midomo yao."

Akacheka. Amecheka upesi mno, Dorrie akawaza.

Akavuta droo, akatoa bisibisi ya kukazia mishikio ya sufuria. Skrubu ya kwanza ikagoma. Alipokaza mkono, bisibisi iliteleza, ikang'ata kichwa cha skrubu na kuchora mstari mweupe kwenye chuma cheusi. Hata hivyo hakuacha. Alipoivuta pistoni nje, nyota ilikuwa palepale. Ngozi mpya ilikuwa laini, imekatwa kwa uangalifu, inanukia mafuta ya ng'ombe. Kila kipande kilikuwa cha bunduki yake mwenyewe.

Akairudisha pistoni, akakaa kitako, aibu ikimwasha masikioni.

Jioni baa ilikuwa imejaa. Kule mwisho wa ukumbi kilisimama kibao cha chuma chenye tundu katikati. Risasi ikipenya, kengele hulia nyuma yake. Clem aliiweka bunduki yake kando ya kiti cha Dorrie, kama walivyozoea, akaichukua ya Dorrie aipashe moto. Kidole gumba chake kikasimama juu ya skrubu.

"Nani kafanya hivi?"

Dorrie angeweza kusema fundi fulani. Akasema, "Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuiona nyota ya baba."

"Kuiona, au kuhakikisha ipo?"

Dorrie aliutazama ule mstari mweupe kwenye chuma.

"Nilichonga bisibisi mpya kwa ajili ya skrubu zako," Clem alisema taratibu. "Siku tatu nainoa mpaka ikaenea, isiache hata alama."

"Yardley!" mtu wa Tipton akapaza sauti. "Unapiga, au unaibembeleza ilale?"

Watu wakacheka. Clem akamkabidhi Dorrie bunduki. "Anza wewe."

Dorrie akalenga, akafyatua. Kengele ikalia. Wenzake wakapiga meza kwa furaha. Akageuka kumtafuta Clem, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kumsifu.

Clem hakuwa akitazama shabaha. Alikuwa ameichukua bunduki yake mwenyewe pale kando ya kiti cha Dorrie, ameielekeza kwenye mwanga wa taa, na kidole chake kilikuwa kikipita juu ya skrubu, moja baada ya nyingine, polepole, kikitafuta kovu.